Mgeni Aliyekuja Kukaa: Juu ya Kuingia Uyahudi
(Sehemu ya Pili)

Kiswahili chetu, ambacho hakina uhaba wa maneno ya dini, kina kitenzi kwa kila mlango ila mmoja: aingiaye Uislamu husemwa amesilimu, aingiaye Ukristo husemwa amebatizwa, na hapa kwetu Kasindi ahamaye kutoka kanisa la kale kwenda la uamsho hutangaza hata sokoni ya kuwa ameokoka, lakini atakaye kuwa Myahudi hana neno la kujielezea. Msomaji mmoja wa sehemu ya kwanza ya makala haya alinijia na kuniuliza kama yamkini mzaliwa wa Butembo, asiye na babu wala bibi katika kaumu ile, akawa Myahudi wa haki. Na kwa kuwa aliuliza kwa moyo na si kwa ushindani, yanipasa kumjibu bila haraka.

Waebrania humwita mtu huyo *ger*, na maana ya asili ya neno hilo ni mgeni akaaye katika nchi isiyo yake. Sisi watu wa mpakani twamfahamu mgeni wa namna hiyo. Si yule mchuuzi avukaye Lubiriha asubuhi na furushi lake na kurejea Mpondwe kabla jua halijatua, bali ni yule aliyetua mizigo, akajenga, akaoa, akazika wafu wake hapa, hata majirani wakasahau alikotoka. Ndiyo maana kuingia Uyahudi si kukiri imani peke yake. Ni kuingia katika ukoo, na ukoo, kama ajuavyo kila Mnande aliyewahi kuposa, una wazee wake wa kupokea posa na wa kuikataa.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote uko Uganda, katika viunga vya Mbale, chini ya Mlima Elgon, nao ni wa Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki ya Nile kwa tamaa ya kupewa ufalme wake, kisha akaona madaraka yake yanapunguzwa mwaka hata mwaka. Alikuwa Mprotestanti, kwa uchungu wake akajitenga na wakubwa, akajiunga na Wamalaki, watu waliokataa dawa za hospitali na kuitukuza Jumamosi. Hapa kwetu aishikaye Jumamosi hudhaniwa papo hapo kuwa Msabato, maana Waadventista ni wengi kati ya Beni na Butembo, na pengine ndiyo sababu kisa cha Kakungulu hutufikia upesi: alianzia mahali ambapo jirani zetu wengi wamesimama, ila yeye hakusimama. Alisoma Taurati katika Biblia ya Kiganda, akafika kwenye amri ya tohara aliyopewa Ibrahimu, na mwaka 1919, akiwa mtu mzima wa miaka kama 50, akatahiriwa yeye na wanawe. Wenzake walipomwonya kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akawajibu kwamba ikiwa ndivyo, basi yeye ni Myahudi; na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya, ambalo kwa Kiganda ni neno lile lile.

Nastaajabia sana ujasiri ule. Mwaka 1922 alipiga chapa kitabu cha sala na sheria kwa Kiganda, tena alimpokea Myahudi mgeni aitwaye Yusufu, aliyekaa kwake kwa muda wa miezi kama sita akiwafundisha kuchinja kwa sheria, kuhesabu sikukuu, na kuyaacha yale ya Kikristo waliyokuwa bado wakiyachanganya. Walakini, alipofariki mwaka 1928, hakuna kadhi yeyote wa Kiyahudi aliyekuwa amewahi kuketi na kuhukumu kwamba watu wale wameingia.

Hata hivyo waliishi kama walioingia. Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wengi walirudi makanisani au wakasilimu, na wachache waliobaki wakasali kwa siri. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na jua la siku ile lilipotua ndipo ulipoingia usiku wa Pasaka ya Kiyahudi, ule wa kukumbuka kutoka Misri. Sijui jamaa yoyote ya Afrika iliyosherehekea usiku huo kwa haki kubwa kuliko wao.

Februari 2002 marabi watano wa madhehebu ya Conservative walifika Mbale, na watu wapatao 400 wakapitishwa kwenye sharti zote. Makadhi watatu huketi na kumhoji mtu: kwa nini, na je, wajua taabu za kaumu hii? Aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone moja tu la damu, kuwa ni ishara. Kisha huja josho. Pete huvuliwa, kucha hukatwa, nywele hufumuliwa na kuchanwa, pasibaki kitu cha kuyazuia maji yasiguse ngozi. Mtu hushuka uchi kama alivyozaliwa, huzama hata unywele wa mwisho ukatoweka, huibuka, akasoma dua, akazama tena. Wengi walioshuka majini siku zile walisema kwamba hawaongoki, bali wanathibitisha walilorithi kwa baba zao. Na wengine, hasa wa kijiji cha Putti, hawakutaka josho hilo, wakingoja la marabi wa madhehebu ya Orthodox. Sithubutu kuwalaumu. Mtu aliyesali kwa siri zama za Amin ana haki ya kuuliza anaingizwa wapi. Lakini rai yangu ni kwamba Kakungulu alibisha hodi mwaka 1919, nayo hodi huitikiwa na aliye ndani. Na kuchelewa kwa jibu kwa miaka 83 hakumpunguzii heshima aliyebisha.

Basi nikirejea kwa msomaji wangu: yamkini. Tena si lazima avuke bahari, kwa kuwa tangu mwaka 2008 Gershom Sizomu, mzaliwa wa Abayudaya wale, alipohitimu urabi Los Angeles, kilima cha Nabugoye huko Mbale kina rabi wake mwenyewe. Ajue tu kwamba ni desturi ya kale mwombaji kurudishwa kwanza, ili ipimwe nia yake, na kwamba akivumilia atasoma kwa miezi mingi, pengine kwa miaka. Nayo sheria inamkataza kila Myahudi kumkumbusha mwongofu asili yake, kwa maneno au kwa dhihaka. Kaumu yenyewe imeambiwa na Taurati ya kwamba ilikuwa ngeni Misri. Na siku atakapoitwa mbele ya gombo la Taurati, ambapo kila mtu hutajwa kwa jina lake na la baba yake, yeye ataitwa kwa jina jipya la Kiebrania alilojichagulia, bin Ibrahimu baba yetu.

(Itaendelea)