Mkojo Ukiziba: Usiogope Mpira wa Tumboni



Je, umewahi kumwona mzee mwenye mfuko wa mkojo chini ya nguo, anayekwepa watu kwa aibu? Hakulogwa, wala hawezi kukuambukiza. Njia yake ya mkojo imeziba, na daktari ameupa mkojo njia nyingine.

Njia huziba kwa kuvimba tezi dume, kovu, mawe au kuumia nyonga. Ukisikia haja lakini hutoi kitu, na tumbo la chini linajaa na kuuma, hiyo ni dharura. Usibaki nyumbani ukinywa mizizi. Mkojo ukirudi nyuma huharibu figo.

Kwanza mhudumu hujaribu kupitisha mpira kwenye njia ya kawaida. Ukishindikana, huwekwa tumboni. Hii siyo operesheni kubwa. Mara nyingi unachomwa sindano ya ganzi, kisha daktari anatoboa tundu dogo chini ya kitovu, juu kidogo ya mfupa wa kinena. Mpira unaingia moja kwa moja kwenye kibofu na mkojo unatoka. Kwa wengine ni wa muda tu, kwa wengine ni wa kudumu.

Ukishawekewa:

- Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kugusa mpira au mfuko.
- Osha ngozi ya kuzunguka tundu kila siku, kisha ikaushe.
- Mfuko ukae chini ya kibofu, usiguse ardhi. Umwage kabla haujajaa.
- Kunywa maji safi ya kutosha, isipokuwa daktari amekukataza.
- Usiuvute. Ndani kuna puto linaloushika.
- Rudi kubadilishiwa siku uliyopangiwa, kwa kawaida kila wiki 4 hadi 12.

Njoo kituo cha afya mara moja, hata usiku, ikiwa:

- mpira umechomoka, kwani tundu laweza kuziba ndani ya saa chache;
- mkojo haushuki tena;
- una homa na kutetemeka, au damu nyingi inatoka.

Unajiandaa kurudi nyumbani au kuhamia nchi nyingine? Tuambie mapema. Safiri na karatasi inayoonyesha aina ya mpira na tarehe ya kuubadilisha.

Na wewe unayeishi naye, usimtenge. Kanisani, msikitini na kwenye foleni ya mgao, nafasi yake ipo.