Kofia Kwanza, Upanga Baadaye

Mama mmoja ametuuliza swali ambalo hatukulitazamia. Kijana wake anasoma Ujerumani, na huko amejiunga na chama cha watu wanaojifunza kupigana kwa panga kama walivyopigana watu wa Ulaya miaka mia tano iliyopita. Sasa ameandika nyumbani kuomba fedha za vifaa. Je, mchezo huu ni wa hatari? Na katika orodha ile ndefu, kipi ni cha lazima na kipi ni cha fahari tu?

Kwanza, mzazi asishtuke. Huu si uhuni. Wachezaji hufuata vitabu vya walimu wa zamani. Kitabu kikongwe kuliko vyote vinavyojulikana kina umri wa miaka 700 hivi, kimeandikwa kwa Kilatini, na kimehifadhiwa Leeds, Uingereza. Picha zake zinamwonyesha kasisi akimfundisha mwanafunzi kutumia upanga na ngao ndogo, na kurasa za mwisho yumo mwanamke aitwaye Walpurgis, naye ameshika upanga wake. (Tunalitaja hili bila kuwashauri mapadre wetu waanze.)

Panga za mazoezi hazina makali, na ncha zake zimeviringwa au kukunjwa. Hata hivyo, chuma ni chuma. Kitara chepesi cha michezo ya Olimpiki hakiruhusiwi kuzidi gramu 500, lakini upanga mrefu wa kushikwa kwa mikono miwili hukaribia kilo moja na nusu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: hununua vifaa vya Olimpiki wakidhani vinatosha.

Hata vitara vyepesi vimewahi kuua. Mwezi Julai 1982, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Roma, Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovyeti, bingwa wa Olimpiki ya 1980, alikuwa akicheza na Mjerumani Matthias Behr. Kitara cha Behr kilikatika katikati ya shambulio. Kipande kilichobaki mkononi kikapenya wavu wa kofia ya Smirnov, kikapita kwenye jicho hadi kwenye ubongo, naye akafariki siku chache baadaye. Behr hakuwa na kosa. Baada ya msiba huo zikaja kofia zenye wavu imara zaidi, vitara vya chuma kisichokatika ovyo, na makoti ya nyuzi ngumu kama Kevlar.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye kofia ya wavu wa chuma, tena mpya. Kofia kuukuu yenye kutu au iliyobonyea isinunuliwe hata ikiuzwa kwa bei ya bure. Kofia ya Olimpiki huacha kisogo wazi, maana katika mchezo ule hakuna anayekupiga kisogoni kwa kilo moja na nusu ya chuma. Lazima aongeze kifuniko kigumu cha kisogo. Pamoja nacho anunue kinga ngumu ya koo, kwa sababu ncha ikiteleza kifuani huelekea juu, chini ya kidevu.

Kisha mikono. Katika upanga mrefu vidole huumia sana, kwa kuwa ndivyo vilivyo mbele. Glavu laini ya ngozi haizuii mfupa kuvunjika. Zinahitajika glavu nene zenye magamba magumu ya plastiki. Bei yake ni kubwa, hatufichi. Asiyekuwa nazo afanye mazoezi ya polepole tu, asiingie kwenye pambano.

Koti lina kazi mbili: kuzuia kuchomwa na kupunguza uzito wa pigo. Atazame alama ya 350N au 800N iliyoshonwa ndani. Namba ikiwa kubwa, kitambaa hupenyeka kwa shida zaidi. Alivae, ainue mikono, ainame. Likiacha tumbo au kifundo cha mkono wazi, halimfai. Viwiko, magoti na sehemu za siri navyo vikingwe.

Upanga wenyewe uwe wa mwisho, kwani vyama vingi huwaazima wanaoanza. Asithubutu kutumia upanga wa mapambo ya ukutani: huweza kukatika, au kuchomoka kwenye mpini na kuruka.

Akipigwa kichwani akaumwa kichwa, akatapika au akachanganyikiwa, aache kucheza hapo hapo na aende hospitali, hata akisema ni mzima. Kidole kilichovimba na kisichokunjika kipigwe picha ya eksirei. Kukivuta na kukikanda kunaweza kuharibu zaidi mfupa uliovunjika.

Nawe mama, kabla ya kutuma fedha, muulize kijana jambo moja: chama chake kina mwalimu anayesimamisha pambano papo hapo mtu anapoinua kofia yake?