Mfupa wa Zamani, Tiba ya Leo

Mwanafunzi wa fiziotherapia akirudi likizo nyumbani Mwanga, Kigoma, vitabu vizito huviacha chuoni. Anabaki na simu na bando la wiki, halafu ananiuliza: nisome wapi? Nami humuuliza: unatafuta mwili, au unatafuta tiba?

Ukitafuta mwili, usiogope kitabu cha zamani. Anatomia ya Henry Gray ilitoka London mwaka 1858, na chapa ya Marekani ya 1918 inasomwa bure mtandaoni. Mfupa wa paja uliochorwa humo ndio huohuo alionao mvuvi wa Kibirizi leo. Kilichobadilika ni baadhi ya majina. Anayetaka lugha ya sasa apakue kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice. Ni cha bure, na kikishakaa kwenye simu hakili bando tena.

Cha kuogopa ni picha zinazozagaa bila mwenyewe, nyingine zimetengenezwa na akili mnemba. Tazama ini: mtu wa kwenye mchoro anakuelekea, kwa hiyo ini lake, lililo kulia kwake, utaliona kushoto kwako. Hesabu mifupa midogo ya kifundo cha mkono: ni minane. Ukipata saba, achana na picha hiyo.

Madhara ya kukosea hapa nimeyaona kwa macho. Mtoto alichomwa sindano ya kalio kwa homa. Sasa analetwa kliniki akiburuza vidole, mguu haunyanyuki. Mwanafunzi hukimbilia chini ya goti, upande wa nje, inakopita neva ya fibula, ambayo vitabu vya zamani huiita ya peronea. Ni kweli neva hiyo ndiyo inayonyanyua mguu, lakini nyuzi zake zinatoka juu, ndani ya neva kubwa ya siatiki inayopita kwenye kalio. Gawa kalio mafungu manne: fungu la juu la nje liko mbali na neva hiyo. Mchoro ukikosea hapo, anayelipa ni mtoto.

Tiba nayo huchakaa. Mpagazi wa mwaloni aliyeshikwa na mgongo bado huambiwa alale wiki nzima. Mwaka 1986, Richard Deyo na wenzake waliandika katika New England Journal of Medicine juu ya wagonjwa 203 wa mgongo: walioshauriwa kulala siku 2 walipona sawa na wa siku 7, tena walikosa kazi siku chache kuliko hao. Leo tunamwambia aendelee kutembea kadiri anavyoweza, isipokuwa miguu inapolegea au mkojo unapogoma. Huyo awahishwe hospitali.

Kwa hiyo ukurasa wa tiba usio na mwaka wala vyanzo, upite. Physiopedia ni mlango mzuri wa kuingilia, ila shuka mpaka kwenye tafiti zenyewe. PEDro, hazina ya Sydney iliyoanza 1999, hupima majaribio ya tiba kwa alama hadi 10. Alama hizo zinapima jinsi jaribio lilivyofanywa. 8 haimaanishi kwamba tiba ile inaponya.

Majarida ya kulipia yanafunguliwa kupitia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002, kwa vyuo vilivyojisajili. Nywila anayo mkutubi, na ya kuombwa ni kabla ya kupanda treni ya Kigoma.