Usiulaumu ugali bure

"Daktari, sasa niache ugali?" Hilo ndilo swali la kwanza la wagonjwa wengi wanapoambiwa wana kisukari. Wengine hata hawaulizi. Jirani amekwisha kuwaambia kuwa ugali mweupe ni sumu na ule wa wimbi ni dawa, basi wanakula mlima wa ugali wa wimbi na kushangaa sukari inapozidi kupanda.

Msomaji, ugali, wali, chapati, viazi, ndizi na nduma vyote ni vyakula vya wanga. Tumboni, wanga huvunjwavunjwa ukawa sukari iitwayo glukosi na kuingia katika damu. Ubongo wa mtu mzima pekee hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku. Insulini kutoka kwa kongosho ndiyo huiwezesha kuingia misulini. Mwenye kisukari hana insulini ya kutosha, au haimfanyii kazi sawasawa, hivyo sukari hubaki katika damu na baada ya miaka huharibu macho, figo na miguu.

Ni kweli kwamba wimbi na mahindi yasiyokobolewa yana nyuzinyuzi, ambazo hupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Lakini zaidi ya nusu ya unga huo wa wimbi bado ni wanga. Kinachohitajika ni kipimo. Jaza nusu ya sahani sukuma wiki, kabeji au terere. Robo iwe samaki, nyama au ndengu. Robo iliyosalia ndiyo ya ugali. Harusini sisi hupakua wali, chapati, mukimo na viazi pamoja, tukidhani tumebadilisha chakula, kumbe ni wanga juu ya wanga!

Sukari ya kuongezwa ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata katika chakula, yaani kama vijiko 12 vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja vimekwisha kumaliza kiasi hicho. Soda ya mililita 300 huwa na takriban vijiko vinane.

Hata hivyo, ikiwa unadungwa insulini au unameza tembe za kisukari, usiache wanga ghafla bila kumwona daktari wako. Dawa itaendelea kushusha sukari ilhali hakuna chakula. Utatetemeka, jasho jembamba litakutoka, utachanganyikiwa, na waweza kuzirai. Dalili hizo zikianza, koroga vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji, unywe mara moja, kisha ule chakula. Aliyezirai asitiliwe chochote kinywani, akimbizwe hospitalini.