UONEVU SHULENI: KILA NCHI NA NAMNA YAKE

Tukisikia neno "uonevu" wengi wetu twafikiria ngumi na mateke. La hasha! Uonevu una sura nyingi, na kila mahali huvaa nguo za wenyeji.

Tuanze na shule za bweni hapa Kenya. Mwanafunzi mgeni huitwa "mono". Hufulishwa nguo za wakubwa, hutekeshwa maji, na akikataa hupigwa. Mtindo huu wafanana na wa shule za bweni za Uingereza zamani, ambako mdogo alikuwa mtumishi wa mkubwa, akimng'arishia viatu na kumwandalia chai. Mwaka 2017 hata Alliance, shule kongwe iliyofunguliwa mwaka 1926, ilichunguzwa kwa madai kwamba viranja waliwatesa wadogo.

Japani mambo ni mengine. Huko uonevu huitwa "ijime". Mara nyingi si mkubwa na mdogo, bali ni darasa zima dhidi ya mwenzao mmoja. Humtenga: akisalimu hajibiwi, akikaa wenziwe huhama. Mwaka 2011 mwanafunzi wa mji wa Otsu alijiua baada ya kuonewa, na mwaka 2013 ikapitishwa sheria ya kuzuia ijime.

Je, sisi wa Kuze? Wengi twasoma shule za kutwa. Jioni twarudi majumbani, hakuna wa kutufulisha. Basi twajiona wema! Lakini ndimi zetu je? Mwenzetu wa bara akichanganya "r" na "l", darasa laangua kicheko. Hupachikwa jina, na jina humfuata mpaka barazani. Akinuna huambiwa, "Ah, mbona wakasirika bwana? Twafanya mzaha tu!" Kesho yake haji shule.

Hapa ndipo penye fundisho. Uonevu hujificha nyuma ya jambo jema. Bwenini husingizia heshima kwa mkubwa, Japani, umoja wa darasa, kwetu, utani. Ndiyo maana mkosaji hajioni mkosaji. Utani ni mali yetu, lakini mtani hujibu, mkacheka nyote wawili. Asiyeweza kujibu si mtani wako, wamuonea.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilikataza kumtesa mwanafunzi kimwili na kiakili pia. Basi hata maneno yamo. Wahenga nao walisema: mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Shime wenzangu, kabla hujacheka, mtazame usoni unayemcheka.