Amplifaya ndogo ya gitaa kwa ubao wa pedali (2): Mlangoni na kwenye spika

Wiki iliyopita tuliishia kwenye bodi ya nguvu, na nilishauri ile yenye chipu ya TPA3118 ya Texas Instruments. Huuzwa ikiwa tayari imelehemiwa, haitaki bati kubwa la kupoza joto, na ikilishwa na adapta ya laptopu ya volti 19 hutoa wati 20 hivi kwenye spika ya omu 8. Kwa kuwa kazi ngumu imeshafanywa na kiwanda, wengi hudhani imebaki kuunganisha tu: gitaa huku, spika kule, umeme katikati. Sauti itatoka, ila itakuwa butu, na tabia yake itabadilika kila pedali inapowashwa au kuzimwa. Hapo mtu huanza kulaumu wati na kutafuta bodi kubwa zaidi. Wati hazina kosa lolote. Kwenye amplifaya ya aina hii, kazi ya mkono wako iko pale ishara ya gitaa inapoingia na pale umeme unapogeuka sauti ndani ya spika.

Tuanze mlangoni. Ndani ya pikapu ya gitaa mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa maelfu ya mara. Ukiipima pikapu ya koili moja kwa mita utaona omu 6,000 hivi, na ya koili mbili hufika 8,000 na kuendelea. Mita, hata hivyo, haikuonyeshi jambo lililo kubwa zaidi. Koili hiyo ina henri 2 hadi 5, kiasi kikubwa sana, na kadiri sauti inavyokuwa nyembamba ndivyo koili inavyozidi kuibana ishara yake yenyewe. Ongeza kebo ya gitaa, ambayo kila mita yake ina takriban pikofaradi 100. Koili na kebo vikikutana huinua sauti zilizo kati ya kilohezi 3 na 5, na mwinuko huo ndio mng'ao ambao mpiga solo anausaka maisha yake yote.

Mng'ao huo hudumu iwapo tu kifaa kinachopokea ishara hakiinyonyi. Kwa desturi, mlango wa amplifaya ya gitaa huwa na ukinzani wa omu milioni moja. Bodi yetu, ikipangwa kukuza ishara mara 20, ina omu 30,000 tu. Hata LM386, chipu ndogo inayopendwa na wanafunzi wa elektroniki, ina 50,000. Ukichomeka gitaa hapo moja kwa moja, mwinuko wote unalala.

Wapiga gitaa wa kwaya wamekutana na jambo hili mara nyingi. Gitaa likiingizwa kwenye mlango wa laini wa mixa, wenye omu 10,000 au 20,000, husikika kama limefunikwa blanketi. Fundi mitambo anaongeza trebo, kelele zinapanda, na mng'ao haurudi, kwa sababu kilichopotea kilipotelea kwenye koili kabla mixa haijakipata.

Ubao wa pedali una hila yake katika jambo hili, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya kwa ajili ya ubao na si kwa amplifaya ya kawaida. Pedali nyingi za Boss zina bafa, yaani kikuzaji kidogo kinachopokea ishara bila kuinyonya, inayoendelea kufanya kazi hata pedali ikiwa imezimwa. Ikikaa mwisho wa mstari, bafa hiyo inalikinga gitaa, na amplifaya yenye mlango mbovu itasikika safi kabisa. Pedali nyingine zikizimwa hupitisha ishara kwa waya mtupu. Ukiwa na ubao wa pedali za namna hiyo tu, siku utakapozizima zote gitaa litakutana na bodi uso kwa uso. Kwa hiyo mtu huijaribu amplifaya yake nyumbani akiwa amewasha ovadraivu, akaridhika, kisha jukwaani wimbo wa taratibu unataka sauti safi na sauti yenyewe haipo. Jaribu amplifaya yako pedali zote zikiwa zimezimwa. Jaribio lingine lolote halikuambii ukweli.

Dawa ni bafa ya kwetu wenyewe, na opampu ya TL072 inatosha. Ni chipu ya miguu minane yenye vikuzaji viwili ndani, kelele zake ni ndogo, na hupatikana karibu kila duka la vipuri vya redio. Umeme wake tunauchukua kwenye zile volti 19 kupitia kidhibiti 7809, kinachozishusha hadi 9. Mkondo unaotumika hapa ni mdogo mno, hivyo kidhibiti hakipati joto la kukusumbua. Rizista mbili za omu 10,000 huzigawa volti 9 katikati, na kapasita ya mikrofaradi 47 hutuliza kituo hicho cha volti 4.5.

Ishara kutoka kwenye jeki ipitie rizista ya omu 1,000, kisha kapasita ya nanofaradi 22, iingie mguu wa 3. Baada tu ya ile rizista ya omu 1,000, weka kapasita ya pikofaradi 100 kwenda ethi, maana bila hiyo gitaa linaweza kudaka kituo cha redio kilicho jirani. Kutoka mguu wa 3 kwenda kwenye kituo cha volti 4.5 weka rizista ya omu milioni moja, na mlango wako umekamilika. Mguu wa 2 ufungwe na wa 1, kisha wa 1 uende moja kwa moja hadi wa 5. Hapo kikuzaji cha pili kinapokea kazi. Weka voliumu ya omu 100,000 kati ya mguu wa 6 na wa 7, na rizista ya omu 10,000 ikifuatwa na kapasita ya mikrofaradi 1 kutoka mguu wa 6 kwenda ethi. Utaweza kukuza kuanzia mara 1 hadi mara 11. Mguu wa 7 utoke kupitia mikrofaradi 1 nyingine, upite kwenye voliumu ya omu 10,000, uingie kwenye bodi. Mguu wa 8 unapokea volti 9, wa 4 unakwenda ethi.

Kabla ya kuunganisha bodi, washa sehemu hii peke yake na upime. Mguu wa 1 na wa 7 lazima isomeke 4.5 au karibu sana na hapo. Ukigusa mguu wa 3 mita itaonyesha kama 4.1, na vijana wengi hapa huanza kufumua walicholehemu. Usifumue. Mita ya kawaida ya dijitali ina ukinzani wa omu milioni 10, nayo inachota kidogo kupitia ile rizista ya milioni moja. Mguu wa 1 ukisoma sawasawa, wa 3 uko salama.

Sikuweka vitufe vya besi na trebo, na sitaviweka. Ubao una nafasi ya pedali ya ikwalaiza, na pedali hiyo itafanya kazi nzuri kuliko vitufe viwili vilivyobanwa kwenye sanduku dogo.

Sasa umeme, na hapa naomba umakini, kwa sababu makosa ya eneo hili huua vifaa. Pedali nyingi hutumia volti 9 zenye hasi katikati ya plagi. Adapta za laptopu huwa na chanya katikati, na plagi zake zinaweza kufanana kwa macho. Tumia tundu la umbo tofauti kabisa na yale ya pedali, na weka diodi ya 1N5822 kwenye mstari wa chanya, ili umeme ukiingia kinyume usipite. Usijaribu kulisha pedali kutoka kwenye adapta hiyo hiyo ili kupunguza nyaya. Bodi ya TPA3118 huwasha na kuzima umeme mara laki kadhaa kwa sekunde. Masikio hayasikii kasi hiyo, lakini mabaki yake yakiingia kwenye pedali ya dilei ya kidijitali hutoa mluzi usiokoma.

Kosa jingine liko kwenye spika. Bodi hii huendesha spika kutoka pande zote mbili. Hakuna waya wa spika ulio ethi, na kila mmoja umekaa kwenye nusu ya volti za adapta. Ukifunga jeki ya chuma kwenye sanduku la alumini, tayari umeugusisha waya mmoja na ethi. Ukibahatika chipu itajizima kujikinga, usipobahatika imekwenda. Jeki ya spika iwe na mwili wa plastiki. Sanduku liguse ethi mahali pamoja tu, kwenye jeki ya gitaa, nao mvumo utapungua.

Tumefika kwenye spika, ambayo watu huipa dakika za mwisho na pesa zilizobaki. Spika ya gitaa ya inchi 12, kwa mfano Celestion Vintage 30, hutoa desibeli 100 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika nyingi za redio ya gari huwa karibu na 90, na ndogo za sabufa za nyumbani huwa chini ya hapo. Tofauti ya desibeli 10 ni mara 10 ya nguvu. Maana yake, wati zetu 20 kwenye spika ile ya inchi 12 ni sawa na wati 200 kwenye spika ya gari. Mwenye pesa ya kununua kitu kimoja kizuri anunue spika.

Tena spika ya gitaa hushuka haraka ikipita kilohezi 5, na ushukaji huo ndio unaolainisha ovadraivu. Spika yenye twita itatoa kila mkwaruzo. Wapo waliougeuza mkwaruzo kuwa muziki, kama Konono Nº1 wa Kinshasa, ambao Mingiedi Mawangu na wenzake walizipa likembe pikapu zilizoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari makuukuu na kuzipitisha kwenye vipaza sauti vya honi. Wao waliutaka ukali ule. Anayetaka solo la rumba lililonyooka achomoe twita.

Wiki ijayo tutapima na kutoboa sanduku. Kwa sasa usifunge kitu. Iache amplifaya mezani, ipige kwa sauti kubwa kwa saa nzima, kisha zima na uguse chipu ya bodi, kidhibiti 7809 na ile diodi. Diodi itakuwa na uvuguvugu kiasi. Kidhibiti kikiwa cha moto, kuna mahali kwenye TL072 pamegusana, na ni nafuu kupatafuta sasa kabla ya kukaza skrubu.