Kusoma Shairi kwa Moyo

Wanafunzi wenzangu, tukipewa shairi darasani hapa Kisumu tunakimbilia kuhesabu mizani na vina, tunaandika jibu, basi, kitabu kinafungwa. Hiyo ni kazi ya mtihani, wala si mbaya. Lakini tenzi nyingine zilitungwa ili mtu asome polepole, ajiulize.

Mfano mzuri ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi wa visiwa vya Lamu aliyezaliwa karne ya 18. Humo mshairi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha magofu ya Pate: majumba ya matajiri yaliyong'aa kwa taa, sasa wenyeji ni popo na ndege. Dunia inapita, mbona moyo haujifunzi?

Utausomaje? Kwanza, soma ubeti mmoja tu, kwa sauti. Mishororo mitatu ina kina kimoja. Wa nne una kina kinachorudi katika kila ubeti. Ukifika hapo, tua. Pili, tafuta maana ya maneno ya Kiamu. Sisi watu wa ziwani tunayaona magumu, kumbe ugumu huo unatupunguzia mwendo. Tatu, nyamaza ujiulize: Pate yangu mimi ni ipi? Ninajivunia nini ambacho kesho hakitakuwepo?

Mvuvi hutega nyavu jioni akazitazama asubuhi. Nawe lala na ubeti wako, uurudie kesho yake. Mkristo anaweza kusoma Zaburi vivyo hivyo. Alama za mtihani utapata, na moyo nao utapata chake.